Simba wa Pili na Kovu la wa Kwanza

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wahenga waliitoa methali hii kwa watu wa minazini, lakini inawafaa pia watengenezaji wa filamu, hasa wale wa filamu za katuni zinazotazamwa na familia nzima. Filamu moja hupendwa, watoto huikariri, wazazi huinunua; kisha hutolewa ya pili, na mara nyingi mnywaji huonja maji kabla ya kuonja tembo. Hukumu hiyo imezoeleka kiasi kwamba wengi huitoa bila ya kutazama. Ipo, hata hivyo, filamu moja ya pili ambayo msemaji wa Kiswahili hapaswi kuihukumu kwa haraka, kwa kuwa hoja yake kuu imewekwa ndani ya maneno ya lugha yake mwenyewe. Nayo ni The Lion King II: Simba's Pride, ya mwaka 1998.

Ya kwanza, The Lion King, ilitolewa na kampuni ya Disney mwezi Juni 1994, chini ya uongozi wa Roger Allers na Rob Minkoff. Kisa chake hakihitaji kusimuliwa kwa urefu: mfalme Mufasa anauawa na ndugu yake Scar, mwanawe Simba anakimbia akiamini kwamba ni yeye aliyesababisha kifo hicho, na baada ya miaka ya kujisahau nyikani anarudi kudai kiti chake. Watayarishaji walisafiri hadi Kenya kuyatazama mandhari, na mandhari ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, yakaingia katika michoro yao. Muziki uliandikwa na Hans Zimmer, nyimbo zilitungwa na Elton John na Tim Rice, na sauti za Kizulu zililetwa na Lebo M wa Afrika Kusini. Tukio la mbio za nyumbu korongoni, ambalo halifikii dakika tatu, lilichukua zaidi ya miaka miwili kutengenezwa, mkono wa mchoraji ukisaidiana na kompyuta. Malipo ya jasho hilo yalikuwa makubwa: zaidi ya dola milioni 760 katika maonyesho yake ya mwanzo, tuzo mbili za Oscar za muziki, na kanda za video zaidi ya milioni 30 zilizouzwa kuanzia mwaka 1995.

Kwa Waswahili, filamu hiyo ilikuja na mshangao wa aina yake. Wanyama wake waliitwa Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi na Sarabi. Mswahili hakuhitaji mkalimani kuelewa kwamba ngiri aliyepewa jina la Pumbaa hana haraka na mambo ya dunia, wala kwamba fisi anayeitwa Shenzi hakutazamiwa wema. Maneno "hakuna matata", ambayo bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikwisha kuyatia katika wimbo wa "Jambo Bwana" mwaka 1982, yalienea duniani kana kwamba yalizaliwa Marekani. Disney iliomba kuyasajili kama alama yake ya biashara mwaka huohuo wa 1994, ikapewa usajili mwaka 2003, na mwaka 2018 yakazuka malalamiko makubwa ya watu waliouliza vipi usemi wa umma unaweza kuandikishwa kwa jina la kampuni. Tangu mwanzo, basi, uhusiano wa filamu hizi na Kiswahili ulikuwa wa mkopaji ambaye haelezi alikokopa.

Ili kuielewa filamu ya pili, ni lazima kwanza kuielewa biashara iliyoizaa. Kwa miongo mingi Disney haikuwa na desturi ya kuziendeleza katuni zake ndefu. Ilijaribu mwaka 1990 kwa The Rescuers Down Under, iliyofuata filamu ya 1977, na majumba ya sinema hayakuipokea vizuri. Njia nyingine ilipatikana Mei 1994, mwezi mmoja tu kabla ya The Lion King, pale The Return of Jafar, mwendelezo wa Aladdin ya 1992, ilipopelekwa moja kwa moja katika kanda za video bila ya kupitia sinema. Gharama yake ilikuwa ndogo, mauzo yake yalikuwa ya mamilioni ya nakala, na somo lililotokana nalo halikusahauliwa. Mzazi aliyemnunulia mtoto kanda ya kwanza angenunua na ya pili, iwe nzuri au iwe ya kawaida, mradi sura kwenye jalada ni ileile.

Simba's Pride ilizaliwa katika utaratibu huo. Iliongozwa na Darrell Rooney, sehemu kubwa ya uchoraji wake ikafanywa katika studio ya Disney ya Sydney, Australia, na ikatolewa katika kanda mwishoni mwa Oktoba 1998. Waigizaji wengi wa sauti walirudi, akiwamo Matthew Broderick kwa Simba na James Earl Jones kwa Mufasa, lakini Elton John na Tim Rice hawakurudi kutunga nyimbo. Wimbo wake bora zaidi, "He Lives in You", una mkono wa Lebo M, na ulikwisha kusikika kabla katika tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Broadway mwaka 1997. Tofauti ya jasho inaonekana kwa jicho. Nyasi za mwaka 1994 zilikuwa na upepo, na mwanga wa jioni ulikuwa na uzito. Nyasi za mwaka 1998 zimesimama kama pazia la jukwaani. Vita vinavyopiganwa katika mvua havina hata nusu ya kishindo cha nyumbu wale wa korongoni. Ikiwa kipimo ni uchoraji, ukubwa wa mandhari na nguvu ya nyimbo, kesi imekwisha: ya pili haiifikii ya kwanza.

Lakini hicho si kipimo pekee. Inafaa kukumbuka namna simba alivyoishi katika masimulizi ya visiwani kabla ya sinema. Unguja na Pemba hazina simba. Mtoto wa huku alimjua kwa ngano. Edward Steere alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, simba alikuwamo, na hakuwa mfalme mtukufu wa juu ya jabali. Alikuwa mwenye nguvu anayechezewa na sungura. Jambo kubwa zaidi ni kwamba simba wa ngano hana kumbukumbu. Aliyehadaiwa jana huhadaiwa tena leo, kila hadithi ikianza upya kana kwamba ya jana haikuwahi kusimuliwa. Hata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na kurudi katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, hutokea kila mara na kiko chake na akili yake ileile, tayari kwa fumbo jipya. Hiyo ni njia mojawapo ya kuendeleza hadithi: kumrudisha mhusika na kuiacha jana ipite.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kuuliza jana iliacha nini. Filamu ya mwaka 1994 ilimalizika kwa mvua kunyesha, nyasi kuota na mrithi mpya kuinuliwa juu ya jabali. Scar alikufa, na pamoja naye swali moja likazikwa bila ya kuulizwa: waliokuwa upande wake walikwenda wapi? Utawala haukai juu ya mtu mmoja. Wapo waliomtii, waliomfaidi, waliompenda, na wapo watoto waliozaliwa katika siku zake, ambao hawakuchagua zama za kuzaliwa. Simba's Pride inaanzia hapo. Simba amewafukuza wafuasi wa Scar hadi nchi kame ya ng'ambo, na humo jike aitwaye Zira anamlea mwanawe, Kovu, ambaye Scar alimchagua kuwa mrithi wake ingawa hakuwa baba yake, ili siku moja amuue Simba. Upande wa pili wa mpaka anakua Kiara, binti wa Simba. Wawili hawa wanakutana udogoni, wanatenganishwa, na ukubwani wanapendana.

Hapa ndipo masikio ya Mswahili yanapopata kazi. Tazama majina ya waliofukuzwa. Kovu ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Scar, kana kwamba mtoto huyu amepewa jeraha la mtu mwingine alivae kama joho. Nuka, kaka yake, ni yule asiyetakiwa, ambaye mama hamwoni, na ambaye anakufa chini ya magogo akijaribu kumwonyesha mama huyo kwamba naye anafaa. Vitani, dada yao, ameitwa kwa mahali badala ya sifa: ni mtoto aliyezaliwa ndani ya vita na hajui anwani nyingine. Naye Zira! Kuzira ni kukikataa kitu kwa hasira na chuki, hata kama kukikataa ni kujidhuru mwenyewe. Mwishoni, akining'inia juu ya mto uliofurika, Kiara anamnyooshea mkono wa kumwokoa. Zira anausita, hautaki, anateleza na kuchukuliwa na maji. Mtazamaji wa Kiingereza anaona adui amekufa. Mtazamaji wa Kiswahili anaona mtu aliyefikia mwisho wa jina lake.

Usahihi huo, hata hivyo, una uchungu ndani yake. Katika filamu ya kwanza, Kiswahili kiligawanywa: kilimpa shujaa jina la Simba na mzee wa hekima jina la Rafiki, kama kilivyompa fisi jina la Shenzi. Katika ya pili, majina mapya ya Kiswahili yamewaangukia waliofukuzwa: jeraha, uvundo, vita na chuki. Kiara, binti wa jabalini, ana jina lisilomwambia Mswahili kitu. Neno jipya moja tu lilitengwa kwa ajili ya wema, nalo limekosewa. Rafiki anawaimbia vijana wawili wimbo kuhusu mahali panapoitwa "Upendi", na filamu yenyewe inaeleza kwamba neno hilo maana yake ni mapenzi. Mapenzi kwa Kiswahili ni mapenzi, au upendo. "Upendi" halimo katika kamusi, na sikio la pwani, lililozoea kuimeza herufi ya mwanzo, hulisikia kuwa "hupendi". Yaani wapenzi wanaalikwa kwa shangwe, kwa ngoma na vipepeo, waende katika nchi ya kutopenda.

Ni rahisi kulicheka kosa hili, na watoto wa Kiswahili walikuwa na haki ya kulicheka. Lakini linasema jambo zito. Studio iliyotumia miaka miwili kwa dakika chache za nyumbu, katika filamu hii haikupata saa moja ya kumuuliza mtu yeyote wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kama irabu ya mwisho ni sahihi. Maneno ya chuki yalitoka sawa na neno la mapenzi likatoka upande. Hilo si la uadui. Ni la harakaharaka ya kanda ya video, ambayo hadhira yake haikufikiriwa kuwamo watu wanaoota ndoto zao kwa Kiswahili. Hapo maji yameingia katika tembo, na hapana utetezi.

Na bado, ukiliondoa kosa hilo, kiini cha filamu kinasimama, na kinaonekana vizuri zaidi katika matukio matatu ya maji. La kwanza limo katika filamu ya 1994: Rafiki anamwongoza Simba hadi kwenye kidimbwi, Simba anaitazama sura yake, na polepole anaiona ya Mufasa. Fundisho ni kwamba baba yu hai ndani ya mwana, na mwana anapaswa kuwa vile alivyozaliwa awe. Ni fundisho tamu kwa mwana wa mfalme. La pili limo katika filamu ya 1998. Kovu, akiwa amesingiziwa kwamba ndiye aliyemwongoza Simba katika mtego, anahukumiwa mbele ya wanyama wote na kufukuzwa. Akikimbia anatazama majini na kuiona sura ya Scar. Maji yaliyomtukuza Simba yanamlaani Kovu. Filamu ya pili imeichukua picha pendwa kuliko zote katika ya kwanza na kuuliza bei yake: ikiwa wema hurithiwa kwa kutazama majini, basi na uovu hurithiwa vivyo hivyo, na mtoto wa Zira amekwisha kuhukumiwa.

Tukio la tatu ni jibu. Usiku, baada ya kufukuzwa, Kiara na Kovu wanatazama kidimbwi pamoja, na sura zao mbili zinakutana majini nusu kwa nusu hadi kuwa sura moja. Hapana mzee aliyewaongoza pale, wala mzimu uliosema nao kutoka mawinguni. Kovu anataka watoroke waanzishe kundi lao mbali. Ni Kiara anayetambua kwamba wakikimbia, makundi yale mawili yatabaki yametengana daima. Hivyo wanarudi na kusimama katikati ya majeshi mawili, naye anamwonyesha baba yake kwamba wale ng'ambo hawana tofauti na wao. Wa kwanza kuvuka kumwacha Zira ni Vitani. Aliyezaliwa vitani ndiye anayetoka vitani.

Kwa lugha ya wahenga, filamu hii imezipambanisha methali mbili. Upande mmoja ipo isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Upande wa pili ipo isemayo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jambo la kushangaza ni kwamba zote mbili zinamtia Kovu hatiani, kwa kuwa urithi aliopewa ni wa Scar na malezi aliyopewa ni ya kuua. Anayeshika methali ya nyoka ni Simba mwenyewe, shujaa wa jana, ambaye katika ndoto yake ya kutisha Scar anageuka kuwa Kovu. Si jambo dogo kwa katuni ya watoto kumtoa mfalme aliyependwa na dunia nzima na kumwonyesha akiwa mtawala mwenye hofu, anayeadhibu kizazi cha pili kwa makosa ya cha kwanza. Waliotunga filamu ya mwanzo walikiri kwamba walimchungulia Hamlet wa Shakespeare. Wa pili walimchungulia Romeo na Juliet. Wasomaji wa Kiswahili, ambao tangu mwaka 1963 wamekuwa na Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, wataona kilichobadilika. Hadithi ya mwana mmoja anayetaka haki yake imegeuka kuwa hadithi ya koo mbili zisizojua namna ya kusahau.

Haitakuwa insafu kuyanyamazia mapungufu ya mwisho wake. Uadui wa miaka unavunjika kwa maneno machache ya binti mmoja katika mvua. Majike waliolelewa kwa njaa na kisasi wanavuka mstari kana kwamba wameitwa chakulani, na hakuna anayeomba radhi kwa kuwafukuza wala kwa kuwaacha katika nchi isiyo na maji. Mto unamchukua Zira na kuwaepusha walio hai na kazi ngumu kuliko zote, yaani kuishi pamoja na asiyetaka kusamehe. Kifo cha Nuka, ambacho kingeweza kuwa moyo wa filamu, kinapewa muda mfupi kuliko vichekesho vya nguchiro na ngiri. Filamu imefungua mlango mzito, ikachungulia ndani, ikaufunga kwa sababu muda wa kanda ulikuwa umekwisha.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba mlango wenyewe haukuwa wa bure. Biashara ya katuni za pili iliendelea. The Lion King 1½ ilitoka mwaka 2004 na kukisimulia upya kisa cha kwanza kwa macho ya Timon na Pumbaa. Mwaka 2007, baada ya John Lasseter wa Pixar kukabidhiwa usimamizi wa katuni za Disney, mradi wa kuziendeleza filamu za kale katika kanda ulisimamishwa. Hoja iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo ilikuwa na mashiko, kwani Toy Story 2 ya mwaka 1999, iliyoanza kama kanda kisha ikahamishiwa sinema na kupewa jasho linalostahili, ilikwisha kuthibitisha kwamba ya pili si lazima iwe duni. Kinachoitia maji ni haraka.

Kisha, Desemba 2024, ikatoka Mufasa: The Lion King, ya mwongozaji Barry Jenkins. Humo Rafiki anamsimulia binti wa Simba habari za babu yake, na binti huyo anaitwa Kiara. Jina lililozaliwa katika kanda ya mwaka 1998 limepanda hadi katika filamu kubwa ya sinema. Kuna zaidi ya jina. Katika kisa hicho Mufasa hana damu ya kifalme: ni yatima aliyeokotwa mtoni, na mwana wa mfalme ni Taka, yule ambaye baadaye atapata jeraha na kuitwa Scar. Taka, kwa Kiswahili, ni kitenzi cha kutamani na ni jina la kitupwacho, na maisha yake yamepita katikati ya maana hizo mbili. Miaka 26 baada ya Kovu kufukuzwa kwa sababu ya sura iliyoonekana majini, hadithi yenyewe imekiri kwamba ile damu iliyotukuzwa mwaka 1994 haikuwa hoja.

Je, basi, filamu ya pili inaifikia ya kwanza? Kwa sanaa ya jicho na sikio, haiifikii, na kosa lake la "Upendi" litabaki mfano wa namna lugha inavyotumiwa na wasioisikiliza. Kwa swali inalouliza, imekwenda mahali ambapo ya kwanza haikuthubutu kwenda. Ya kwanza ilimfundisha mtoto kukumbuka yeye ni nani. Ya pili ilimfundisha kutomhukumu mwenziwe kwa kuwa ni wa nani, na somo hilo ndilo lenye uhaba zaidi duniani, visiwani hali kadhalika. Neno lililochaguliwa kulibeba, kwa bahati au kwa kukusudia, lilikuwa sahihi kuliko wachaguzi walivyojua. Kovu si kidonda. Kovu ni pale ambapo kidonda kimekwisha kupona, na ngozi imekubali kwamba haitakuwa tena kama ilivyokuwa.